Bangili ya Kulwa

Jumatatu, 8 Julai 1996

Vipindi vitatu, vyote vya chaki. Maabara ya shule hii mpya haina hata koki. Wazazi wanalipa ada, wanaona mabati yanang'aa, wanaridhika.

Jioni nimejaribu kuvika chuma shaba kwa umeme, kwa ufunguo wa kufuli. Mrututu, ile chumvi ya shaba ya duka la dawa za mifugo, umeyeyuka, maji yamekuwa ya buluu. Nikatia matone ya maji ya betri. Betri ya shule, na balbu ya gari katikati ili umeme usiende kwa pupa. Waya wa shaba kwenye chanya, ufunguo kwenye hasi. Waya umeliwa, ufunguo umevaa shaba. Umeme umetoa chembe huku, umezipeleka kule. Imekubali.

Jumanne, 9 Julai

Bangili yangu imelika mahali pamoja, inakaribia kukatika. Mama aliiona kwenye msiba wa Kulwa, pacha wangu. Tangu hapo halali. Bangili zetu zilifuliwa siku moja, kutoka shaba moja, tulipomaliza darasa la saba. Anasema yangu ikikatika, mimi Doto nitamfuata Kulwa.

Ametuma ujumbe kutoka kijijini kwetu Mwandoya. Anakuja Jumamosi kuiangalia. Mjomba aliyeuleta anasema amekonda, chakula anakisogeza tu.

Siamini mambo hayo. Nafundisha kemia. Lakini hofu inaweza kumuua mama, hilo naliamini. Nitainenepesha kabla hajafika. Shaba itatoka kwenye bangili ya Kulwa, niliyopewa kuitunza. Ningeweza kutumia waya. Nataka ya Kulwa.

Jumatano, 10 Julai

Betri imekufa kabisa. Walimu wenzangu waliiazima kuonyeshea video, kwa kiingilio. Siku hizi kila mtu mfanyabiashara. Nimewasema, wakacheka.

Nimeipeleka kwa fundi wa mashine ya kusaga, ndiye anayechaji. Uani kwake malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yamebanana, madereva wote wanamwita kwa mpigo. Aliipokea bila kuniangalia.

Alhamisi, 11 Julai

Betri bado. Nimesahihisha madaftari. Vibaya.

Ijumaa, 12 Julai

Betri imekuja asubuhi. Nguzo ya rangi nyekundu ndiyo chanya. Huko nikafunga bangili ya Kulwa, yangu kwenye hasi. Balbu ikawaka. Nikaingia darasani. Kisha kikao cha walimu, maneno mengi kuhusu choo, hadi jioni.

Niliporudi yangu ilikuwa vipande viwili. Ya Kulwa imenenepa, mpya kabisa.

Nikapima betri. Mshale wa mita uliruka kushoto. Fundi aligeuza nyaya alipochaji, na betri iliyokwisha kabisa hukubali kugeuzwa. Chanya imekuwa hasi, hasi imekuwa chanya, rangi imebaki palepale. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wapime kwanza. Mimi nimeamini rangi.

Nilitaka kumtuliza mama, nimemkatia bangili mwenyewe. Nimewaza kuvaa ya Kulwa na kunyamaza.

Jumamosi, 13 Julai

Nilivaa ya Kulwa. Mama alishuka kwenye lori la pamba akiwa amejaa vumbi. Amekonda kweli. Salamu hazijaisha ameshanishika mkono. Aliizungusha bangili, akaipapasa kwa ndani ambako shaba mpya haikufika sana, akaitambua. Akauliza yangu iko wapi.

Ndiye aliyetuvalisha. Ningemdanganya vipi.

Nilimpa vipande. Nikamweleza yote, betri, fundi, mrututu, jinsi shaba ilivyohama. Sijui alishika nini. Nilingoja alie.

"Imekatika, mayu," nikamwambia mama. "Ni mimi niliyeikata."

Alivifunga vipande kwenye ncha ya khanga, taratibu.

"Nimeona. Basi hiyo ndiyo imemfuata Kulwa. Wewe ubaki."

Atavifukia kaburini kwa Kulwa akirudi. Amesema hivyo, kisha akauliza kama kuna ugali. Alikula, akaongeza. Mimi ndiye niliyeshindwa kumeza.

Jumapili, 14 Julai

Mama amelala hadi jua limepanda. Sikumwamsha kwa ajili ya ibada. Anakoroma.

Bangili ni nzito kuliko niliyoizoea. Nimefua nayo, nimeoga nayo. Siamini mambo hayo. Sijaivua.