Mbuzi Asiyekula Majani

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea hivyo. Siwezi kuanza kusema nawe bila shikamoo.

Nimeketi uani, Magomeni, juu ya mbuzi wako wa kukunia nazi, kigoda kile chenye ulimi wa chuma. Nimetoka dukani Kariakoo sasa hivi. Miguu yangu imevimba kwa kushinda nimesimama, nakunjua na kukunja vitenge kwa watu wanaouliza bei halafu wanaondoka. Nimechoka, baba. Ila nina habari ya mjukuu wako, na sitaki ipoe.

Unakumbuka likizo ile uliyonichukua milimani, Uluguru? Wewe ulikuwa mpishi wa watu wanaopanda kwa miguu na kulala kwenye mahema, na mama alikuwa kasafiri, hakukuwa na wa kuniachia. Ulipofunga mzigo wako ulisema, "Mbuzi tayari, tunaenda." Basi mimi nilipanda ule mlima wote nikigeuka nyuma kumtafuta huyo mbuzi. Hata mlio sikusikia. Wabebaji wenzako walikuwa wanakutania, "Mzee, wenzio wanabeba unga wa tui, wewe unabeba fanicha!" Ukawajibu bila kugeuka, "Unga wenu korogeeni uji. Nazi imezaliwa na kopo lake. Haimwagiki, na ukishikwa na kiu inakunywesha."

Tulipofika kambini nikakuuliza, mbele ya wote, mbuzi anachinjwa saa ngapi. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nikalia. Hukucheka wewe. Ulifungua mzigo, ukanikalisha juu ya kigoda, ukaweka mikono yako juu ya yangu na nusu ya nazi. "Mbuzi wangu huyu hali majani, mwanangu. Anatafuna nazi."

Nikakuna huku navuta kamasi. Samaki ulikuwa umempaka chumvi, ndimu na manjano tangu mjini. Nyanya uliziteua ngumungumu ili ziivie njiani, ukazifunga ndani ya kanga ya mama zisipondeke. Tui zito ukalitia mwisho, unakoroga taratibu, ukasema tui likishakatika halibembelezwi. Nimekula harusini, nimekula Idi baada ya Idi. Chakula kama kile, na ule ukungu unatupita mgongoni, sijakipata tena.

Sasa nikuambie ambalo hapa nyumbani wamechoka kulisikia. Tangu ulipotutoka, Nasra hali.

Wewe ndiye uliyekuwa unamfinyangia matonge, unayapanga pembeni ya sinia, unamwambia hili la simba, hili la babu. Mimi nikimfinyangia anafumba mdomo. Kliniki wamempima, wamesema mzima, nimpe muda. Nimempa, lakini gauni lake la Idi linampwaya mabegani, na anakaribia kuanza shule. Wifi yangu Saumu kila siku, "Si umpe soda na biskuti, wifi? Bora kitu tumboni." Nimekataa. Anajua nikisema hapana ni hapana.

Saumu na wenzake wa mtaani wakapanga kwenda kulala kwenye mahema kule Pugu. Nikasema na mimi naenda, na Nasra, na jikoni nisimwone mtu. Ulipoishiwa nguvu za kukuna, mbuzi wako nilimtia kwenye gunia nikamweka juu ya kabati, nikawa natumia tui la paketi. Ndiyo maana Nasra hajawahi kumjua. Saumu aliponiona nalishusha lile gunia akapiga makofi. "Makubwa! Wifi, unahama? Si kuna tambi za paketi, maji moto tu zishaiva!"

"Tambi kuleni nyie," nikamwambia. "Mimi naenda na mbuzi wa baba."

Nasra alikuwa mlangoni anavaa ndala. Kumbe kasikia.

Kule Pugu, mafiga yamekaa, moto umekubali, nikaenda kuosha mchele. Nasra akanifuata na kibegi chake. Akakifungua, akatoa fungu la mchicha, limenyauka. Alilichomoa kwenye kapu langu nyumbani bila mimi kuona.

"Nimemletea mbuzi wa babu," akasema. "Mmemfunga wapi?"

Saumu akaangua kicheko, na wenzake wakafuata. Nikauona mdomo wa mwanangu unaanza kutetemeka. Kile kilio nakijua, baba, nilikilia mimi. Nikawaambia wanyamaze, na wakanyamaza. Nikafungua gunia, nikamkalisha Nasra juu ya kigoda, nikaweka mikono yangu juu ya yake. Maneno yakatoka yenyewe, na sauti kama si yangu.

"Mbuzi wa babu hali majani, mwanangu. Anatafuna nazi."

Akautazama ule ulimi wa chuma. Akaugusa kwa kidole. Akautazama mchicha wake.

"Basi majani yake nitakula mimi."

Tulikuna nazi, tukauchambua mchicha pamoja, tukautia kitunguu na nyanya, tui zito nikalitia mwisho. Nilikoroga kama mtu anayebembeleza mtoto mchanga. Halikukatika. Na akala, baba. Alifinyanga tonge mwenyewe, bovu, limepinda, akala, kisha akaomba ukoko. Saumu akaziacha tambi zake zinavimba kwenye sufuria, akaja na sahani: "Wifi, na mie nionjeshe hayo majani ya mbuzi."

Sitakudanganya kwamba yameisha. Jana amesukuma sahani, nami nikaingia chumbani nikalia kidogo. Lakini mbuzi wako harudi juu ya kabati, na paketi hazirudi jikoni, hata nikitoka dukani natambaa.

Leo nimepita sokoni Kariakoo nikachagua nazi, nimezitikisa moja moja sikioni kama ulivyonifundisha. Nasra ndiye huyu anakuja na moja, kaikumbatia kwa mikono miwili. Anasema nimekalia mbuzi wake.

Lala salama, baba. Nainuka nimpishe.

Mwanao,
Mama Nasra