Maneno ya Kumpa Sylvanus

Ijumaa, 4 Julai 2025

Albamu imetoka! Zamu ya Maji. Simu haijanyamaza tangu asubuhi, kundi la wasap la Wana-Mfongo, mashabiki wa bendi ya Mfongo, limechachamaa kama siku ya soko. Nauza sare za shule kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye simu. Mama Jaya, mwenye duka, ananiangalia juu ya miwani. Hawezi kunigombeza. Mwanawe Tushar ndiye mpiga gitaa wa bendi, na tangazo la albamu lililo kwenye kioo cha duka kalibandika mama huyo mwenyewe.

Gidioni wa Kwa Sadala — shabiki wa tangu mwanzo, kulalamika kwake ni kipaji — kasema muziki umepigwa pasi mpaka umekufa. Anataka zile za kwanza. Zile walizorekodi kwenye banda letu la kahawa huku Kirua, ngoma zinatikisa mabati, kaka yangu Sylvanus ananguruma mpaka kuku wanahama. Gurleen, shabiki mwenzake, kamjibu: wewe hupendi muziki, unapenda mabati. Nimecheka kwa sauti, mteja kashtuka na soksi mkononi.

Mimi sijausikiliza. Nitausikiliza kesho nyumbani, na chai. Mfongo bila Sylvanus. Ni mwaka wa tatu huu tangu tumzike. Naogopa kidogo, basi.

Jumamosi, 5 Julai

Ni yeye.

Wimbo wa mwisho. Mrefu kupita mahubiri ya padri wetu. Gitaa linazunguka, ngoma za Rogath zinabadilika kila unapodhani umezishika, halafu vyote vinakaa kimya — na Sylvanus anaita, "Mae!" Kisha anaimba. Si kunguruma. Anaimba taratibu, vile alivyokuwa akiimba akichuma kahawa, alipodhani yuko peke yake. Nilikaa sakafuni jikoni, kwenye maganda ya ndizi.

Nikajiambia wamepata rekodi ya zamani. Ile "Mae" naijua, iko kwenye rekodi ya banda, alikuwa anamwita mama aje atoe kuku wake. Sawa. Lakini maneno yanayofuata? Anaimba mfereji wetu uliokauka. Mfereji umekauka mwaka jana! Sylvanus hakuuona ukikauka.

Kuna mtu amemtia maneno mdomoni.

Jumapili, 6 Julai

Misa sikuisikia. Simu ilikuwa inatetemeka kwenye pochi muda wote.

Kundi limepasuka vipande viwili. Gurleen amelia, anasema ndio wimbo wao bora tangu waanze, kwamba Sylvanus hatimaye ameimba vile alivyostahili. Gidioni anasema ile ni kompyuta, na anayelia analilia spika. Mwingine, simjui, kaandika kwamba Sylvanus hakufa, kajificha nje ya nchi. Huyo nimemjibu mwenyewe. Nimemwambia nilimvalisha soksi za mwisho kwa mikono yangu. Kafuta ujumbe.

Nimempigia Rogath huko Chekereni. Hakuzunguka. Tushar amechukua zile rekodi za kwanza, akailisha mashine, mashine ikajifunza sauti. Maneno ameandika Rogath. "Tulitaka awepo, dada." Awepo! Kana kwamba wamemwekea kiti tu. Nikamwambia auondoe wimbo. Akasema utaondoka vipi, watu wanaulilia mpaka Brazili. Nikamkatia simu.

Jumanne, 8 Julai

Tushar alikuja dukani kuchukua chakula chake kwa mama yake. Nilitaka kumchamba mbele ya wateja, nilikuwa nimejiandaa tangu kwenye gari. Kisha nikamwona. Kakonda. Anasema mara za kwanza sauti ilitoka mbaya, mtu mwingine kabisa, akawa anairekebisha kwa kukumbuka. Miezi. Alikuwa anamkumbuka Sylvanus, anarekebisha, anakumbuka tena. Sasa, anasema, hajui tena anachokumbuka ni Sylvanus au ni ile mashine.

Sikumchamba. Nimemfungia kontena la chapati.

Alhamisi, 10 Julai

Mama amesikia.

Kosa la simu yangu. Niliiacha jikoni inachajiwa, nikaenda kuchuma kahawa kidogo kabla ya kazi. Gidioni alikuwa ametupia kipande cha wimbo kwenye kundi ili akiponde. Simu ilikuwa inapiga kelele, mama akaigusa ili ainyamazishe, ikaanza kucheza. Nilikuwa kwenye mibuni, ukungu hadi magotini. Nikasikia "Mae!" Halafu nikamsikia mama anaitika:

"Niko huku, baba! Ingia!"

Hakuna asiyejua mlimani hapa: aliyezikwa akikuita, humwitikii. Mama ndiye aliyetufundisha hilo tukiwa wadogo. Na ameitika. Tena kwa furaha. Nilikimbia mpaka kikapu kikamwagika.

Nimemkuta kasimama mlangoni na kisu cha ndizi, anaangalia njia. Nilipomweleza mambo ya mashine, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: rudisha pale anapoita.

Niandike hapa, maana hatulisemi nyumbani. Siku aliyoondoka, mama alimwambia Sylvanus achague, kahawa au hizo kelele za mashetani. Sylvanus akachukua begi. Hakuaga. Akahamia Chekereni kwa Rogath, na haikupita muda pikipiki ikamwangusha. Mama hakupata neno lake tena. Alipata jeneza.

Ijumaa, 11 Julai

Ameusikiliza wimbo asubuhi, mchana (kanipigia dukani nimtumie kwenye simu yake) na jioni akimenya ndizi. Kila Sylvanus akiita "Mae", mama anaitika. Sasa anaitika kwa sauti ndogo, asinisumbue.

Jumapili, 13 Julai

Wageni! Baada ya misa, Wana-Mfongo wamepanda mpaka huku kutembelea kaburi. Fulana nyeusi tupu, majirani wakadhani ni msiba. Gidioni mbele — ndio mara ya kwanza namwona ana kwa ana, mfupi, mpole, sikutegemea. "Shikamoo mama." Mama akawapikia mtori. Gurleen kaomba bakuli la pili, mama akampenda hapo hapo.

Kaburini Gidioni akatoa spika ndogo, akapiga rekodi ya banda. Ile ya kwanza kabisa. Mama hajawahi kuisikiliza, siku zote alikuwa akienda shambani mpaka wamalize. Leo akasimama kati ya migomba, mikono kifuani. Sylvanus akaanza kunguruma. Mama akakunja uso.

"Alikuwa anaumwa?"

Gidioni akafikiri kwanza. Akamjibu kwa adabu: "Hapana mama. Hapo alikuwa na furaha sana."

Mama akasema ule mpya ni mzuri zaidi. Gidioni akamwambia taratibu kwamba ule mpya si Sylvanus, mama, Sylvanus ni huyu. Mama akaangalia spika muda mrefu.

"Huyu simjui," akasema. "Yule namjua."

Gidioni akazima spika. Gurleen akaanza kulia, na mimi nikaingia ndani kuosha bakuli ambazo hazikuwa na uchafu. Nina hasira. Na mama, na Rogath, na Sylvanus zaidi ya wote. Angeaga tu. Ingemgharimu nini?

Jumatano, 16 Julai

Nilichukua ruhusa, maana Rogath alisema anakuja kumwomba mama radhi. Kaja kweli, na dumu la pombe ya mbege, na jani la isale limefungwa fundo. Hapo nikamheshimu. Kwetu ukiletewa isale kuombwa radhi, huna ruhusa ya kukataa, hata kama mtu kakuchomea nyumba. Rogath amekulia Chekereni kwenye mpunga, mambo ya isale anayajua kwa kusimuliwa, lakini kaja nalo.

Akapiga goti, akalitoa kwa mikono miwili. Mama hakulipokea. Akaliangalia.

"Umelikata wapi?"

"Hapo nyuma, mama. Nilipita kwanza kumsalimia Sylvanus. Nikalikata pale pembeni yake."

Mungu wangu. Isale mtu hutoka nalo kwao. Yaliyopandwa kuzunguka kaburi hayakatwi na mtu, yanamlinda aliyelala. Na huyu kakata kama anakata mboga! Nilitaka kucheka, nilitaka kumnyang'anya. Rogath akatuangalia, mara mama, mara mimi, jani liko hewani.

Nilidhani mama atamfukuza. Akanyoosha mikono, akalipokea. Akalishika kama mtu anavyoshika kifaranga.

"Basi si wewe unayeniomba radhi," akasema. "Ni yeye."

Rogath akaanza kujieleza, hapana mama, ni mimi, nimekosea tu mahali pa kukata. Mama hakumsikia. Akasema amemsamehe Sylvanus, leo hii, yote. Lakini aliyeomba lazima aambiwe kwamba amesamehewa. Na yeye aitikie.

"Mama, ile ni mashine," Rogath akasema.

"Najua ni mashine, mimi si mjinga. Simu nayo ni mashine, na unanipa shikamoo kwenye simu."

Anataka nini? Anataka Sylvanus aongee. Asiimbe, aongee kama mtu. Amuage. Aseme yale aliyoondoka nayo. Rogath hawezi kukataa, amekuja kwa isale, atakataa kwa mdomo upi? Akauliza aseme maneno gani.

"Salvina atayaandika," mama akasema. "Ndiye aliyekuwa akiongea naye."

Rogath akanigeukia. Nikatoka nje.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekataa. Nimemwambia mama wazi kwamba siandiki, ni dhambi, padri atasema nini. Hakubishana. Ameenda kufuta vumbi kwenye chumba cha Sylvanus. Bora angenigombeza!

Gidioni kapiga simu, Rogath kamwambia. Anasema dada, usiwape. Anasema leo yatakuwa maneno yako, kesho ya Rogath, keshokutwa ya yeyote mwenye kompyuta, na Sylvanus wa banda hatabaki hata na shabiki mmoja. Kundini tayari kuna wanaosema zile za kwanza hazisikilizeki. Nilimwambia ana haki. Ana haki kabisa.

Kisha akaniuliza, kwa aibu, kama kaka yangu aliwahi kumtaja.

Aliwahi. Alisema kuna jamaa wa Kwa Sadala analalamika vizuri kuliko wote. Nikamsikia Gidioni upande wa pili anapenga kamasi.

Ijumaa, 18 Julai

Mama ameungama. Sijui alimwambia nini padri. Amerudi kapumzika usoni, ananiuliza tu kama nimeshapata maneno. Kama mtu anayeuliza kama maji yamechemka. Amepika kiburu, mchana mzima kanuka maharage na ndizi. Sahani tatu mezani. Sikuuliza, nimekula changu nikiangalia dirishani.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeandika.

Nilisema nitajaribu tu, nione kama inawezekana, kisha nifute. Nikaandika: Mama, naomba unisamehe. Nikafuta. Sylvanus hakuwahi kusema "naomba unisamehe" maisha yake yote. Akikosea alikuwa anakuja nyuma yako, anakubebea ndoo.

Nikaandika: Mae, umenuna? Hapo nikamsikia. Nikamsikia kabisa! Yaliyofuata yalikuja yenyewe, nilikuwa nachelewa kuyafuata kwa kidole. Mae, umenuna? Usinune bwana. Niliondoka na hasira, nikasema nikishuka nitakupigia, nikaona aibu, siku zikaenda. Banda lako usilibomoe. Chakula ulichoniwekea nimekiona.

Nimesoma mara nyingi. Ni yeye. Ni yeye kuliko ule wimbo. Na nimemtunga mimi, niko kitandani, na blanketi miguuni. Gidioni atanichukia. Nami najichukia, lakini si sana kama nilivyotarajia.

Nimemtumia Tushar. Kajibu papo hapo kwamba ameyapokea, haitachukua muda, atatupigia simu mama aisikie sauti. Nikaweka simu chini. Nikaiokota tena.

Nikaongeza mstari mmoja. Hakuna aliyeniomba. Mama hakuniomba. Nimeandika: Mae, mpe Salvina simu, niongee naye.

Tushar kauliza: halafu? Baada ya hapo aseme nini?

Nimekaa na swali hilo mpaka chai imepoa. Yale ya mama niliyaandika kwa pumzi moja. Yangu sina hata neno. Sitaki niyaandike. Nikiyaandika nitayajua.

Nimejibu: mwache aseme mwenyewe.

Tushar alianza kuandika, akaacha, akaanza tena. Kasema inawezekana, dada, mashine ukiiacha wazi inajiendeleza. Ila hatajua itasema nini. Je, nina uhakika?

Sijamjibu. Mama amevaa kitenge cha kanisani, amekaa mezani, viganja juu ya magoti. Ukungu umeziba hata migomba ya karibu. Simu imelia. Mama ameuliza kama ni yeye.

Nimesema ndiyo kabla sijaangalia.