Matairi ya Baba na Kona ya Mtakatifu Eliya

Mtaa wa Misonobari,
Smolyan.
24 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Stamen,

Nakusalimu wewe, na pamoja nawe nawasalimu wote walioketi mezani pako. Najua kuwa barua ya nyumbani huisomi peke yako. Huisoma Jumapili baada ya chakula, kwa sauti, huku jamaa zetu wa Adelaide wameshika vikombe vyao. Basi nami naandika kama niliyesimama mbele yenu. Wifi yangu Ralitsa, hujambo? Wanangu Boyan na Nedelya, hamjambo? Joto la huko limewahurumia walau kidogo? Kifua cha Boyan kimepona, au bado anaamka akikohoa? Bibi yake ameniagiza niulize hilo kabla ya jambo lingine lolote, nami nimetii.

Sisi huku tu wazima. Goti langu hulalamika kila mawingu yanaposogea, lakini nimelizoea kama nilivyowazoea wanafunzi wa viti vya nyuma: nalisikia, silijibu. Shemeji yako Ognyan ana afya ya kula, ya kukoroma na ya kubishana. Theluji imefika usawa wa dirisha kule kijijini kwetu Sokolets, na mama bado hutoka asubuhi na koleo lake kuchimba njia ya kwenda kwa kuku, akiwasema kwamba wamekuwa wavivu wa kutaga.

Sasa nije kwenye lile jambo linalokunyima usingizi. Baada ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana uliniambia kwenye simu maneno ambayo sikuyapenda wala sikuweza kuyapinga: kwamba gari likishindwa kupata dawa kabla ya Jumamosi ya Marehemu, tunaposhuka makaburini kwa baba, mama afunge nyumba yake, ashuke mlimani, ahamie kwetu ghorofa ya nne. Ulisema hivyo kwa mapenzi, nami nilimfikishia mama kwa mapenzi. Mama hakubisha. Aliuliza tu kama kutoka ghorofa ya nne mtu anaweza kuona kuku. Nilimjibu hapana, naye akageuka kuchochea moto.

Wenzako hawajui chanzo cha habari hii, kwa hiyo uniruhusu niwaeleze.

Gari ulilotununulia, lile linalovutwa na magurudumu yote manne, lilipanda mlima wa Sokolets kama mbuzi aliyeona chumvi. Majirani walitoka nje kulitazama. Tabu ilikuwa kushuka. Siku ile ya sikukuu tulikuwa tunamleta mama mjini kula nasi, na kabla ya kona ya kanisa dogo la Mtakatifu Eliya, Ognyan alikanyaga breki. Usukani ulikata kushoto. Gari likaendelea na safari yake lilikotaka. Likateleza taratibu, kwa adabu zote, likajichomeka katika lundo la nyasi kavu za jirani wa mama, Tinko. Mama alikuwa kiti cha nyuma, amepakata mitungi ya pilipili za siki. Hakuna hata mmoja uliopasuka.

"Ognyan, mwanangu," sauti ikatoka nyuma, "ungenieleza kwamba tunapitia kwa Tinko, ningevaa kilemba kizuri."

Tulicheka sote. Lakini mume wangu aliendelea kuung'ang'ania usukani hata gari lilipokwisha kusimama. Stamen, unaikumbuka kona ile. Upande mmoja ziko nyasi za Tinko. Upande wa pili liko bonde.

Tangu hapo nyumba yetu ikageuka gereji. Dawa ya kwanza ilikuwa ya Ognyan mwenyewe, naye aliitoa katika ujana wake, enzi za magari yaliyosukumwa na magurudumu ya nyuma, wakati kila dereva wa milima hii alipakia uzito kwenye buti ili gari lisicheze mkia. Alichukua magunia ya viazi katika ghala la mama, akayapanga nyuma, akashuka mlima. Gari likateleza mbali zaidi kuliko mwanzo. Siku iliyofuata akaongeza gunia jingine. Mama alikaa dirishani akitazama mavuno yake yakipanda na kushuka.

"Viazi vyangu vinasafiri kunizidi mimi," alisema. "Vikifika bahari ya Varna, viniletee salamu."

Ndipo tukamwita Biser. Unamkumbuka: yule kijana mrefu ambaye baba alimsimamia ubatizo, aliyekuwa akila kwetu kuliko kwao. Siku hizi ni mtu mzima mwenye gereji yake njia panda, fundi anayeheshimika. Alikuja, akalizunguka gari, akainama, akagusa tairi. Akainua macho kutazama lango la mama, pale tulipobandika tangazo la kumbukumbu ya marehemu baba, Dobri, lenye picha yake, kama tunavyofanya kila mwaka. Kisha akajikohoza, akasema labda ni pedi za breki.

Pedi zikabadilishwa. Gari likateleza. Akarudi, akagusa tairi, akatazama lango, akasema labda ni mafuta ya breki yamezeeka. Mafuta yakamwagwa, yakatiwa mapya. Gari likateleza. Akarudi mara nyingine, akamfundisha Ognyan jambo moja la maana: kwamba pedali ya breki ikitetemeka chini ya mguu, gari halijaharibika, ndivyo breki za kisasa zinavyojizuia zisifunge magurudumu, na dereva hapaswi kuinua mguu kwa hofu. Kumbe Ognyan alikuwa akiuinua kila mara. Basi akajifunza kukandamiza na kuvumilia, na viazi tukavishusha. Gari likateleza pungufu, lakini likateleza.

Jumamosi ya Marehemu ilikuwa inakaribia. Mimi nilikwisha kukitoa kitanda cha wageni na kukiweka dirishani, ili mama aone walau mlima. Sikumwambia. Yeye naye, bila kuniambia, alikwisha kuwagawia majirani nusu ya kuku wake.

Hapo ndipo pa kueleza habari za matairi, nawe Stamen utulie unaposoma.

Majira yale ulipoondoka kwenda Australia, baba alinunua matairi manne ya theluji kwa ajili ya gari lake la msituni. Akafariki kabla ya theluji ya kwanza. Gari hilo tukaliuza, matairi mama hakuyauza. Aliyafunika kwa blanketi ghalani, kando ya pipa la kabichi chachu, na kila mwaka siku ya kumbukumbu ya baba aliyapangusa vumbi. Gari lako lilipofika na tukaona vipimo vinalingana, tuliona ni baba anatutunza. Meno ya matairi hayo yalikuwa marefu, hayajakanyaga hata barabara. Mama aliyafuta kwa kitambaa safi kabla hayajafungwa, na mimi, mwalimu mkuu mstaafu niliyezoea kuamrisha wengine, nilimshikia taa. Ndiyo maana tulipotafuta ugonjwa wa gari tulipekua kila kiungo isipokuwa hicho. Nani angemshuku baba?

Wiki iliyopita Biser alikuwa tena uani kwa mama, amelala chini ya gari kwenye theluji, na Ognyan kasimama juu yake akimwambia sasa labda ibadilishwe mitambo yote ya breki. Mama akatoka na kahawa.

"Biser, mwanangu, toka huko chini. Kila ukigusa tairi unalitazama lango langu. Dobri amekukatalia nini?"

"Hajanikatalia kitu, bibi."

"Basi wewe umemficha nini?"

Biser akatoka chini ya gari. Akavua kofia. Nakwambia, Stamen, mtu mzima yule mwenye masharubu alisimama mbele ya picha ya baba kama mtoto aliyevunja kioo.

"Ni matairi, bibi. Yamezeeka yakiwa yamelala. Mpira umekauka, umekuwa ukwato. Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka. Kusimama ni kazi ya mpira kushika theluji, na mpira huu haushiki tena chochote."

Ognyan akalipiga tairi teke.

"Ngoja kwanza," Ognyan akaanza, uso umemwiva. "Umenibadilishia pedi. Umenimwagia mafuta. Umenilaza kwenye theluji mpaka kiuno kimegoma. Na muda wote huo ulijua?"

"Nilijua nusu, bwana."

"Nusu gani?"

"Nusu ya kujua. Ile ya kusema ndiyo ilinishinda. Wewe ungesema? Mbele yake?" Akaelekeza kidole langoni.

Ognyan akatazama lango. Akakuna shingo. "Mimi ni mkwe," akasema. "Mkwe hasemi kabisa."

Nilivaa miwani, nikainama kusoma tarakimu ndogo zilizochapwa ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha mwaka lilipotengenezwa. Ulikuwa mwaka ule ule ulipoondoka. Nikabonyeza mpira kwa ukucha; ukucha ukainama, mpira haukushtuka. Nikamtazama mama. Nilikuwa tayari kusema neno la kumfariji, na nilishalipanga vizuri kichwani, lakini hakunipa nafasi.

"Mnanitazama nini?" alisema. "Mimi niliolewa na Dobri, sikuolewa na matairi yake. Aliyanunua ili watu wafike. Kama hayafikishi, yafungueni. Na wewe Biser, unywe kahawa hiyo, usije ukaificha nayo."

Tulicheka mpaka Tinko akachungulia juu ya ukuta kuuliza gari limeingia kwa nani safari hii.

Biser alileta matairi mapya ya theluji kesho yake, laini, unabonyeza kwa kidole yanaitikia. Yote manne, akasisitiza, si mawili ya mbele peke yake, kwa kuwa ukivalisha mbele tu mkia ndio utakaokimbilia bondeni. Kisha yeye na Ognyan walishinda pale uwanda wa zizi la zamani wakikanyaga breki na kupima kwa hatua, wakapiga kelele kama watoto kila gari liliposimama. Nilimwona mume wangu akilipiga busu boneti. Nimemwahidi kwamba nitayasahau hayo, nawe umwambie hukuyasoma.

Lakini kipimo chenyewe kilikuwa juzi, Jumamosi ya Marehemu. Usiku ilianguka theluji mpya juu ya barafu ya zamani. Tulimfuata mama asubuhi. Alivaa koti jeusi, akapakata bakuli la ngano iliyochemshwa, amelipamba kwa sukari ya unga na lozi, msalaba umechorwa vizuri katikati, na pembeni akaweka chupa ya divai. Hakuchukua begi la nguo. Niliona, nikamfungulia mlango wa gari.

Tulishuka kwa gia ndogo, taratibu. Tukaikaribia kona ya Mtakatifu Eliya. Ognyan akakanyaga breki. Nikaisikia pedali ikinguruma chini ya mguu wake, naye hakuuinua. Gari likapunguza, likapunguza zaidi, likasimama kabla ya kona, limenyooka, likitazama barabara. Nyasi za Tinko upande mmoja, bonde upande wa pili, na sisi katikati tukipumua. Niligeuka nyuma. Mama alikuwa analitazama bakuli. Msalaba wa sukari haukupoteza hata lozi moja.

"Endelea," alisema. "Dobri anasubiri, na ngano ikipoa haimfurahishi."

Makaburini aliwasha mshumaa, akamwaga divai juu ya udongo, akagawa ngano kwa waliokuwapo. Kisha akainama karibu na msalaba wa baba, akamweleza habari zote kwa sauti ya mazungumzo, kama mtu aliyetoka sokoni: habari za breki, za viazi, za Biser kuona haya. "Matairi yako tumeyatoa," akamwambia. "Usikasirike. Nimeyapa kazi nyingine." Ni kweli: ameshayapanga ukutani kusini mwa nyumba, na majira ya kuchipua atayapaka chokaa na kuotesha tulipu ndani yake. Moja amelitengea vitunguu saumu, kwa sababu baba, anasema, hakupenda maua sana.

Tulimleta kwetu kula. Alipanda ngazi zote mpaka ghorofa ya nne, akala supu ya maharage, akakisifu chumba, akakibonyeza kitanda. Halafu akasimama na kutafuta koti lake.

"Breki zinafanya kazi?" akamuuliza Ognyan.

"Zinafanya kazi, mama."

"Basi nirudishe nyumbani kabla hakujaingia giza. Nina kuku wa kudai."

Akarudishwa. Jioni hiyo hiyo alipita nyumba kwa nyumba akiwarudisha kuku wake, na mpaka naandika haya wote wako bandani, isipokuwa mmoja ambaye mke wa Tinko anaapa kwamba hakuwahi kumwona, na nyumba yao inanukia mchuzi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sharti lako limetimizwa, na nakuomba mbele ya hao wanaokusikiliza ulifute neno lako kwa sauti ile ile uliyolitamkia. Wewe hukukosea kuogopa. Sasa nenda ukalale.

Nimefungia humu nyuzi nyekundu na nyeupe za Machi, zile za kufunga mkononi kuombea afya, mama amezisokota mwenyewe, za kila mmoja wenu. Zitachelewa kufika, mzivae hivyo hivyo. Umsalimu Ralitsa, umbusu Nedelya, umkande Boyan kifua kwa mafuta. Ognyan na Biser wanakusalimu kwa pamoja, kwani siku hizi hawaachani. Mungu awalinde barabarani na vitandani, awape miaka ya kutosha kuja kuziona tulipu hizo.

Mama amenisimamia hapa simuni akitaka nimalizie kwa maneno yake, na nisibadili hata moja: "Mwambie Stamen, kile chumba mlichoniandalia ghorofa ya nne, mkitie viazi. Vyenyewe vimeshazoea kuhama."

Dada yako akupendaye wakati wote wa theluji na wa jua,

Zlatina