Bahasha Saba za Taveta

Kaka Mwadime,

Nimerudi jana kutoka Mwanda kwa Mama. Hajambo. Magoti yanamsumbua, lakini masikio yake ni mazima kuliko yangu. Kuna jambo nimemwambia ambalo nilimficha tangu tulipokuzika, na sasa nimeona nikwambie na wewe, ingawa wewe ulilijua kabla yetu sote.

Imeanza na kazi niliyopewa. Chama cha wakusanyaji stempu kimeniomba niwaandikie kijitabu kuhusu mihuri ya zamani ya posta za Taita Taveta: namna ya kuitambua na kuipanga. Nilikubali upesi. Tangu nistaafu ualimu sina kitu kingine ninachokijua vizuri hivi, na hiki ulinifundisha wewe. Voi niliimaliza, Mwatate niliimaliza, Wundanyi pia. Nilipofika Taveta nikatoa bahasha zako saba, nikazipanga mezani, na kalamu ikakataa. Siku nne sikuandika hata mstari mmoja.

Unakumbuka tulivyoanza? Tulikuwa tunakaa nyumba za reli hapa Voi, Baba akiwa hai, mimi nikiwa darasa la pili na wewe kijana wa sekondari. Bi Zuhura, yule mama wa duka la vitambaa karibu na msikiti, alikuwa anasafisha ghala la marehemu mumewe, akakuta magunia ya barua za biashara za tangu enzi za baba mkwe wake. Alitaka kuzichoma. Ukamwomba bahasha.

"Bahasha chukueni, wanangu," alisema. "Lakini barua zilizomo mzitoe mnirudishie. Maneno ya marehemu hayatembezwi."

Tukakaa kibarazani kwake kutwa nzima, wewe ukitoa barua bila kuzisoma, mimi nikizifunga kwa uzi. Nilipotaka kubandua stempu kwa maji kama nilivyoona wenzangu shuleni wakifanya, ulinishika mkono.

"Stempu ni ile ile nchi nzima, Wakesho. Muhuri ndio unaokwambia barua imetoka wapi."

Basi ukanifundisha. Umbo kwanza, herufi pili, pambo mwisho, wala usiruke hatua. Kwa umbo tulikuwa na marundo manne sakafuni: duara moja, duara mbili, yai, na lile rundo la duara zenye mistari iliyonyooka ubavuni kama reli. Kisha kila rundo tuliligawa kwa herufi. Zile zenye vikato vidogo chini na juu ulisema zimevaa viatu. Zile nyembamba zisizo na vikato zilikuwa peku. Mimi nilicheka mpaka Baba akaja kuuliza kuna nini. Mwisho pambo: nyota, msalaba mdogo, nukta, au kijistari kati ya jina la mji na tarehe. Ulikuwa unafunika bahasha yote kwa kiganja, unaacha muhuri peke yake, unaniuliza, nami najibu kwa sauti kama mtu anayesoma mashairi: "Duara mbili, peku, nukta mbili!" Unaondoa mkono tuone kama nimepata.

Siku moja ulinipeleka posta na barua ya Baba ya kwenda kwa shangazi. Ulimwomba karani agonge muhuri pembeni, mahali peupe, polepole. Yule karani alikutazama juu ya miwani yake.

"Wewe kijana, unataka muhuri au unataka picha?"

"Picha," ulijibu, naye akacheka na kuugonga vizuri, ukatoka mzima, kila herufi mahali pake. Tukiwa nje ukaniambia karani mwenye haraka hugonga nusu, juu ya stempu, na herufi zinamezwa. Muhuri kamili hauji wenyewe. Ni lazima mtu auombe.

Baba alipofariki tulirudishwa Mwanda, kwenye baridi na ukungu ambao mimi na wewe hatukuuzoea. Ulimaliza shule, ukaenda Mombasa kutafuta kazi, ukaipata bandarini, kwenye ghala. Mwaka wa kwanza ulikuja Krismasi na shati jeupe la mikono mirefu na kanga mbili za Mama. Mama alizikunja, akaziweka sandukuni, hakuzivaa. Alikuwa anamwambia kila mgeni, "Mwanangu ana kazi Mombasa," na mgeni akisema sawa, anarudia tena. Naamini ulikuwa unamsikia. Naamini ndiyo maana baadaye ulishindwa kusema ukweli.

Barua zako zilifikia sanduku la shule ya msingi, nami ndiye niliyetumwa kuzichukua. Mama hakujua kusoma. Alikuwa anaketi kwenye kigoda nje ya jiko, anaacha maharage aliyokuwa akiyapura, anaweka mikono mapajani, nami nasoma. Ulianza kila barua kwa neno moja lililopigiwa mstari: Mombasa. Mama alilipenda neno hilo. Nikilitamka alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyeonja chumvi na kuiona imetosha.

Ile barua ya kwanza kati ya hizi saba, muhuri ulikuwa nusu, umeangukia stempu. Niliona T na A na kipande cha V. Nikadhani umesafiri. Ya pili muhuri ulikuwa kamili. Duara mbili, herufi peku, nukta moja kila upande, na jina halina shaka. Ndani uliandika, "Mombasa. Mama, joto la huku ni kali lakini nimezoea." Nilisoma kama ulivyoandika. Nilisema Mombasa, Mama akatikisa kichwa, na mimi nikaitia bahasha kwenye daftari langu.

Kaka, nitakwambia nilichofikiri, bila kujipamba. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilidhani una mwanamke Taveta. Nilidhani umeoa kimya kimya na unaogopa Mama atakasirika kwa kuwa hujamleta mkeo nyumbani. Nilifurahi kuwa na siri yako, nikajiona mkubwa. Barua ya tatu ikaja, ya nne, ya tano, zote mihuri yake safi. Mimi nikawa nazikusanya. Nilifurahia uzuri wake! Nilikuwa nazitoa kwenye daftari nikizilinganisha, nikitazama kama nukta zimechakaa, kama tarehe imekaa sawa. Majibu yangu niliendelea kuyatuma kwa sanduku la posta la rafiki yako Mombasa, ulilotupa tangu mwanzo, na sikuwahi kukuuliza hata kwa neno moja.

Barua ya saba ilikuwa fupi. Mwandiko ulikuwa umelala upande. Ulisema una mafua kidogo na kwamba Mama asiwe na wasiwasi.

Wiki tatu baadaye, siku ya soko, nilikutana na mwanamume njiani karibu na shule. Alikuwa amevaa makoti mawili kwa sababu ya baridi na mikono yake ilikuwa imechanikachanika kwa miiba. Aliniuliza nyumba ya kina Mwadime.

"Mimi ni dada yake," nikamwambia.

Alivua kofia. Akasema mlikuwa mnakata mkonge pamoja kwenye shamba moja kule Taveta, na kwamba ulikuwa unakohoa tangu kabla ya mvua. Kazi ya ghalani ilikuwa imekwisha mwaka mzima uliopita. Walipunguza watu na wewe ukawa mmoja wao. Barua zetu yule rafiki wa Mombasa alikuwa anakuletea akipata mtu wa kumpa. Ulikuwa umefariki juzi yake, hospitalini.

"Sisi tulimwambia, andika nyumbani waje wakuchukue," alisema. "Yeye anasema hapana, dada yangu anajua niko wapi. Atakuja. Kila siku hivyo hivyo. Dada yangu anajua."

Nilimpeleka nyumbani. Kwa Mama hakurudia maneno hayo, na mimi sikumwomba ayarudie. Mama alipiga ukemi mmoja tu, kisha akauliza, "Taveta? Alienda Taveta kufanya nini?" Wajomba walipokwenda kukuleta, wakasema labda kazi ilikutuma huko, na jibu hilo likakaa. Tulikuzika Mwanda, chini ya shamba la viazi, upande unaoonekana ukiwa jikoni.

Baada ya mazishi ndipo nilipozitoa bahasha nikazitazama kwa macho mengine. Mihuri sita, yote kamili, yote pembeni mahali peupe. Hakuna karani anayegonga hivyo mara sita kwa bahati. Kila mara ulisimama dirishani, na kifua kile, na mikono ile, ukaomba. Mdomo wako ulishindwa kusema, na kalamu yako ikaandika Mombasa kwa ajili ya Mama. Lakini nje ya bahasha uliniandikia mimi. Niliisoma kila herufi, kaka. Niliisoma na sikuja.

Tangu siku ile nimefundisha watoto wa watu kusoma kwa miaka thelathini na zaidi. Nimesifiwa. Wakusanyaji wananiita fundi wa mihuri, wananipigia simu kutoka mbali kuniuliza kama duara fulani ni la zamani au la karibuni. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba kila nikisema "umbo kwanza" nasikia sauti yako, na baada ya sauti yako nasikia ya yule mwanamume mwenye makoti mawili.

Jumapili iliyopita nilipanda Mwanda na bahasha zako kwenye mkoba. Nilimkuta Mama amekaa pale pale kwenye kigoda. Nikamwambia yote, tangu T na A na kipande cha V. Nilimwambia pia alichosema yule mtu njiani.

Mama hakulia.

"Ulijua," alisema kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani. "Mtoto wangu alikuwa hapa hapa Taveta, nami nilikuwa na miguu."

"Nisamehe, Mama."

"Ningeenda kwa miguu, Wakesho. Ningelala njiani, ningefika."

Akainuka akaingia ndani. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya "chakula hiki" na "funga mlango." Nilichota maji, nikapalilia viazi, nikakaa kaburini kwako, nikarudi. Sikumlaumu. Nilitaka kuondoka lakini niliona kwamba kuondoka kungekuwa ni kumwacha mtu wangu peke yake kwa mara ya pili.

Siku ya tatu asubuhi, baada ya chai, aliniita.

"Zilete hizo barua."

Nikazileta. Alizipapasa moja moja, akaniuliza muhuri uko wapi, nikamshika kidole nikakizungusha kwenye duara, kisha nikamwonyesha jina.

"Ni hapa pameandikwa Taveta?"

"Ni hapa."

"Basi nisomee upya. Zote. Na usiniambie Mombasa."

Nikasoma. "Taveta. Mama, joto la huku ni kali lakini nimezoea." "Taveta. Mama, chakula kipo na wenzangu ni watu wazuri." Barua zile zile ambazo nilidhani nazijua kwa moyo, na kumbe karibu kila neno lilikuwa kweli isipokuwa lile moja la juu. Joto lilikuwa kweli. Wenzako walikuwa watu wazuri. Mmoja wao alipanda mlima kwa ajili yako. Mama alikuwa ananikatiza: alilala wapi? Alipikiwa na nani? Nikajibu sijui, Mama, sijui. Hadi ya saba. Alipoisikia ile ya mafua alifunika uso kwa kanga na hapo ndipo alipolia, akalia kama siku tulipokuzika, na mimi nikalia naye, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza. Lakini jana nikijiandaa kushuka alinishika mkono mlangoni.

"Alhamisi nipeleke Taveta."

"Mama, na magoti hayo? Na huko hakuna kitu cha kuona sasa. Hata wale watu hawapo."

"Sikukuuliza kuna nini," alisema. "Nimesema nitaenda."

Kwa hiyo nimemaliza ukurasa wangu leo. Nimeweka picha ya bahasha ya pili, jina letu nimelifunika, na chini yake nimeandika umbo, herufi na pambo, kama wanavyotaka. Wakusanyaji wataona muhuri safi na watafurahi, na hiyo ni haki yao.

Alhamisi nitamchukua Mama mapema kabla jua halijawa kali. Amekwisha toa sandukuni kanga moja kati ya zile mbili ulizomletea, bado ina mikunjo ya dukani. Anasema ataivaa. Sijui tutasimama wapi tukifika, wala tutamuuliza nani. Tutatafuta tu, mimi na yeye, na yeye atatembea polepole.

Lala salama, kaka. Mimi sitakusahau wala sitajitetea.

Mdogo wako,
Wakesho