Nia Niliyoibeba Hadi Bagamoyo

Jumatatu, Kwaresima. Tegeta. Saa nne asubuhi na feni inazungusha joto lile lile.

Leo sikwenda shule. Nimemwambia mwalimu mkuu miguu imevimba, na si uongo. Kisigino cha kulia kina malengelenge mawili, kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi. Naandika hapa miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Jumamosi na jana tulikwenda hija ya miguu, kutoka parokiani kwetu mpaka Bagamoyo. Jumuiya yetu huenda kila Kwaresima. Mimi huwa nachangia maji ya kunywa na kubaki nyumbani, maana jua la Machi si la kuchezea na sijawahi kuwa mtu wa kujitesa. Mwaka huu nilikwenda kwa ajili ya mdogo wangu, Skolastika.

Skola ana saratani ya ini. Yuko kwangu tangu Oktoba, chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama barabara. Madaktari walishatuambia tukae naye nyumbani. Walisema kwa upole, mimi nikawajibu kwa ukali, kisha nikalia kwenye ngazi zao.

Tangu siku hiyo sijalikubali neno lao. Skola akianza sentensi kwa "nikifa", namkatiza. Namwambia aishie hapo hapo, anywe mtori. Nimefundisha darasa la tano miaka kumi na saba, kunyamazisha watu ndiyo kazi ninayoijua. Mwezi wa kwanza mwaka huu aliniomba nimpeleke Mbinga kwa mama. Nikamjibu apone kwanza, safari baadaye. Hakuomba tena, nami nikajiona nimeshinda.

Hija yetu ina desturi ya nia. Asiyeweza kutembea huandika ombi lake kwenye kikaratasi, hukikunja na kumkabidhi anayekwenda. Wewe unakibeba mpaka kwenye msalaba ulioko Bagamoyo na kukitumbukiza kapuni pamoja na vya wengine. Hukifungui. Kwenye jumuiya yetu wanasema kusoma nia ya mwenzako ni sawa na kutega sikio wakati anaungama.

Skola alinipa nia yake Ijumaa, imekunjwa mara nne. Nikaitia kwenye kimfuko cha rozari, nikakivaa shingoni ndani ya blauzi. Sikujiuliza kaandika nini. Mgonjwa anaomba nini tena?

Tulitoka mapema baada ya Misa, watu thelathini hivi, akina mama wengi. Mpaka Bunju tulikuwa tunaimba. Baada ya hapo jua likapanda na nyimbo zikapungua zenyewe, ikabaki rozari na viatu. Lami ilikuwa inachoma kupitia soli za raba. Malori ya mchanga yalitupita na kutuachia vumbi mdomoni. Tukasali Matendo ya Uchungu, na kwenye kila Salamu Maria mimi nilichomeka maneno yangu mawili moyoni. Skola apone. Salamu Maria, Skola apone. Nilikuwa nayasema kwa kulazimisha, kama mtu anayegonga mlango huku akijua wenyewe wamo ndani.

Mapinga tulipumzika kwenye kivuli cha ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Blauzi ilikuwa imelowa jasho mpaka kiunoni. Nikashika kimfuko, nacho kimelowa. Nikaogopa wino usije ukafutika. Nikaitoa nia ya Skola ili niianike kwenye goti.

Ningeweza kuianika ikiwa imekunjwa vile vile. Lakini vikaratasi vya watoto wanavyorushiana darasani huwa navikamata na kuvisoma vyote, na mkono wangu umezoea. Uliifungua kabla sijaamua. Hivyo ndivyo ninavyojitetea, na najua utetezi huo ni mbovu.

Aliandika kwa kalamu ya bluu, herufi zimenyooka, hajakosea hata nukta.

"Naomba kifo chema. Na dada akubali kunipeleka kwa mama wakati bado naweza kukaa kwenye basi."

Basi.

Kifo chema si neno geni kwetu. Tunamwomba Mtakatifu Yosefu atujalie kifo chema, tunaitikia, tunakwenda kunywa chai. Nimeisali sala hiyo tangu kipaimara na sikuwahi kuisikia mpaka Jumamosi, nimekaa chini kando ya mifuko ya saruji.

Nikaelewa kilichokuwa kinatokea njia nzima. Tangu Tegeta mimi nilikuwa naomba hivi, na kile nilichokivaa kifuani kilikuwa kinaomba vile. Tulikuwa tunavutana, mimi na mdogo wangu, Mungu akiwa katikati yetu. Na mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa, kama kawaida.

Tulipoendelea na safari sikuweza kusali. Baba mwenyekiti wa jumuiya, mzee aliyestaafu posta anayetembea na mwavuli mweusi, alirudi nyuma akanitazama.

"Mwalimu, mbona huitikii?"

"Koo limekauka, baba."

Akanipa maji yake, nikanywa, na bado sikuitikia. Tulilala kigangoni Kerege. Jana tukatembea tena mpaka saa tano, jua likiwa utosini. Sikusema Skola apone, sikusema na lile jingine. Nilihesabu nguzo za umeme tu. Wenzangu walipouona msalaba walipiga vigelegele, mama mmoja akapiga magoti akalia kwa furaha. Nilimwonea wivu mpaka nikaona aibu.

Kapu la nia lilikuwa limejaa. Nilisimama mbele yake mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Nilitaka kuitumbukiza, nikashindwa. Nusu ya nia ile haikuwa ya Mungu. Ilikuwa barua kwangu, imepitishwa kwake kwa sababu mwenyewe sisikii. Nikairudisha kwenye kimfuko na kutoka kwenye foleni. Sijui kama nilimnyima Mungu au nilimnyima Skola.

Nilifika nyumbani jana alasiri. Skola alikuwa macho, anatazama barabara.

"Umeifikisha?"

"Nimeifikisha."

Nilimdanganya mtu anayekufa. Ndiyo, nimeliandika neno lenyewe. Ni mara ya kwanza kuliandika kwenye simu hii.

Asubuhi ya leo nimempelekea uji, nikamwambia ajaribu kukaa. Sikumweleza kwa nini. Nimemwegemeza ukutani, mto mmoja mgongoni, mwingine kiunoni. Ametabasamu upande mmoja, vile alivyokuwa akitabasamu tulipokuwa wadogo na mimi ndiye niliyevunja chungu.

"Umeisoma, eti?"

"Nimeisoma."

"Nilijua tu. Wewe na vikaratasi vya watu."

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia mwenyewe. Hakukasirika. Ningeona afadhali angekasirika.

"Nilikuwaga nakwambia, da Editha. Mie nikisema, wewe unaleta mtori."

Nimempa mkono wangu, tukaanza rozari, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya na kwa sababu nilitaka kujua atakaa kwa muda gani. Yeye anaanza, mimi naitikia. Salamu Maria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tano jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kwenye ya saba akaniambia, "Nilaze." Nikamlaza. Hakumaliza hata fungu moja la Salamu Maria kumi.

Basi la Mbinga linatoka alfajiri na linafika giza limeshaingia. Mwezi wa kwanza Skola alikuwa anakaa kibarazani asubuhi nzima akichambua mchele. Mwezi wa kwanza angefika. Hilo ndilo nililolibeba kutoka Bagamoyo, na halina kapu la kulitumbukiza.

Nimeanza kuulizia gari la kukodi, la mgonjwa kulala. Mdogo wetu wa Songea anasema atatafuta. Baba mwenyekiti anasema atatafuta. Wote wanaongea nami kwa sauti ya chini, sauti ile wanayoongea nayo watu walioanza kushona sare za msiba. Mama amepiga simu mara mbili leo na sijapokea. Nitamwambia nini, kwamba nilimzuia mtoto wake nikisubiri muujiza?

Sasa hivi amelala. Nia yake iko hapa mezani, imekauka, imejikunja pembeni. Bluu imechuja kidogo lakini inasomeka.

Saba. Kutoka kitanda hiki mpaka mlangoni kwa mama ni Salamu Maria ngapi?

Kesho asubuhi tutajaribu nane.