Nyumba ya Mzee Kwenye Ratiba Yangu

Jumatano, Julai 2006. Saa kumi na moja jioni.

Baridi. Jua halijaonekana tangu Jumapili. Wenzangu ofisini wameshaondoka, nami nimebaki ghorofa ya tano nikingoja saa ya darasa langu la jioni la video. Siwezi kutulia. Nimeinuka mara nne kwenda dirishani, na hakuna ninachoangalia.

Acha niseme yote.

Wiki mbili zilizopita mwalimu alitugawa watatu watatu tutengeneze video ya wimbo, ndio mtihani wetu wa mwisho. Nduta anaongoza, Salim anaimba, mimi nikapewa ratiba kwa sababu, alivyosema Nduta, "wewe ni karani, unapenda mistari." Kweli napenda. Wimbo wa Salim unahusu kijana anayerudi kwenye nyumba kubwa alimolelewa na kukuta hajulikani tena. Tulihitaji nyumba yenye bustani. Hakuna aliyekuwa nayo. Nikausikia mdomo wangu ukisema bosi wangu ana nyumba kama hiyo huko Kitisuru, na wikendi ya kurekodi yeye na familia yake wanaenda harusini Mombasa, hakuna shida.

Salim alinikumbatia. Sijazoea kukumbatiwa.

Sikuwa nimemuuliza Mzee, ndivyo tunavyomwita bosi. Sijamuuliza mpaka leo.

Nina miezi saba tu kazini. Mzee ni wakili, mtu wa maneno machache, nami namwogopa hata akinisalimia. Najua anasafiri kwa kuwa mimi ndiye niliyewakatia tiketi. Ufunguo wa akiba wa nyumba uko kwenye droo yangu, maana hunituma huko na mafaili. Mlinzi ananijua. Naona haya kuandika hili: nimeshafikiria tuingie tu, tupige picha, tufagie, tutoke.

Badala yake nimekuwa nikiisogeza Kitisuru. Mwanzo niliiweka Jumamosi saa mbili asubuhi. Halafu nikaona afadhali tuanze mjini kabla watu hawajajaa, halafu Karen chini ya miti, halafu juu ya paa la fleti ya akina Nduta, Parklands. Kila badiliko lilikuwa na sababu yake nzuri, nimeiandika pembeni kwa mwandiko safi.

Leo mchana tulikuwa tunakula chipsi, Nduta akaitandaza ratiba mezani.

"Hii Kitisuru mbona inatembea? Juzi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Leo ni Jumapili saa kumi na mbili jioni. Kesho itafika Krismasi?"

"Na saa hiyo yataonekana meno yangu tu," akasema Salim.

Nilicheka, nikajikuta nacheka peke yangu. Kamera ya chuo tunapewa Jumamosi na Jumapili, basi. Mimi ninayehakiki kila tarehe mara tatu, nimepanga tupige bustani giza likiingia.

"Umeuliza, ama hujauliza?" Nduta akanikazia macho.

"Bado."

Salim aliacha kula. "Sasa ndugu yangu, si ungesema? Mama nimeshamwambia naenda kuimba Kitisuru, na yeye kawaambia majirani wote!"

Nilitamani anitukane kabisa, iishe.

Nduta alichukua kalamu yangu. "Akikataa, tutatumia ngazi za kwetu. Zinanuka vitunguu, lakini kamera hainusi. Ila muulize. Na usije ukaniambia amekataa kama hujamsikia kwa masikio yako."

Tangu nirudi ofisini maneno hayo hayaniachi. Nilidhani naogopa kufutwa kazi. Lakini mtu anayeogopa kufutwa angeuliza siku ya kwanza, maana kuuliza hakumfukuzishi mtu. Kuingia kimyakimya ndiko kunakofukuzisha. Ninachoogopa ni kidogo zaidi, na ndiyo maana kinaniaibisha. Naogopa ile dakika Mzee atakapoinua macho na kugundua kwamba na mimi kuna kitu ninakitaka.

Siku yake naijua kuliko yangu. Hufika saa mbili unusu. Kabla ya chai haongeleshwi. Saa tatu anatoka kwenda mahakamani. Katikati kuna dakika kumi hivi, akiwa na kikombe mkononi, ambapo mlango huwa wazi nusu.

Kesho nitabisha hapo. Miguu ikinipeleka kwenye kabati la mafaili badala ya mlangoni, nitakuwa nimejinyima mwenyewe nyumba ambayo Mzee hajaninyima. Nitawaambia nini basi Nduta na Salim?