Mkono wa Mama Kwenye Picha

Mbagala, Jumapili jioni

Kwa kaka yangu Benedikto,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kinondoni, wewe, wifi na watoto. Sisi tu wazima, isipokuwa mguu wa mama, ambao msimu wa mvua humsumbua. Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu mnayekaa naye mji mmoja. Lakini kwenye simu una tabia ya kunikata kauli, na kwetu umeacha kuja, kwa hiyo nimeona niandike ili angalau nimalize ninachotaka kusema.

Mwaliko wako tumeupata. Umesema picha yako ya mama itatundikwa kwenye maonyesho mjini, kubwa kama mlango, na unataka asimame pembeni yake wageni wamwone. Hongera. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, nawe umetunzwa kweli. Wala sikatai kwamba picha ile imesaidia watu. Ilipotoka gazetini, bomoabomoa ya vibanda ilisimamishwa, na mama lishe wote wakapewa eneo lenye paa na maji. Hata Jenipher, aliyekuwa akimsengenya mama kutwa, anauza supu pale mpaka leo kwa neema ya kamera yako.

Ila mama mwenyewe hakudumu pale. Watu walikuja kumtazama kuliko kula. Wengine walimwomba alie kidogo ili wapige naye picha. Hebu fikiria kaka, mtu ameshika mwiko wa wali anaambiwa alie! Mama yetu, ambaye hata kwenda bombani hufunga kitenge sawasawa, nchi nzima imemwona yuko chini, kilemba kimeanguka, mdomo wazi. Akafunga biashara. Siku hizi anakaanga mihogo hapa nyumbani, na akiona mtu ameinua simu anageukia ukutani.

Nilikuwa nimeshaamua kukujibu kwamba haji, basi. Lakini Alhamisi kijana wa bodaboda aligongwa na lori hapa Barabara ya Kilwa, mimi na mama tukiwa njiani. Watu walijaa, kila mmoja simu juu. Mmoja alikuwa akiwafokea wenzake wasogee, wanamzibia. Nani aliwafundisha hawa kwamba ukishapiga picha umeshasaidia? Mama akapenya na mguu wake mbovu, akakaa kwenye lami, akamshika kijana mkono mpaka bajaji ikapatikana. Wakampiga picha na yeye.

Tulipofika nyumbani alilia sana, ndipo akanieleza jambo ambalo miaka yote hii hakuwahi kulitamka. Gazeti liliandika chini ya picha yako kwamba mama lishe anamsihi mgambo. Wasomi wakayasifu yale macho, na ule mkono ulionyooshwa mbele. Kaka, mgambo alikuwa nyuma yake. Mama anasema siku ile ya bomoabomoa, sufuria ya maharage ilipopinduka ikamuunguza mguu, aliinua macho akakuona wewe, akamshukuru Mungu. Akakunyooshea mkono. Ule mdomo ulio wazi ulikuwa ukikuita, Bene mwanangu, ninyanyue. Anasema uliinama ukapiga, ukasogea ukapiga tena, na aliyekuja kumnyanyua ni Mwanabaraka muuza ndizi.

Nina hasira nawe, sikufichi. Nimekaa na barua hii siku tatu nikitafuta maneno ya heshima, nimeyakosa. Ulijua. Katika watu wote walioitazama picha ile, wewe peke yako ulijua mama alikuwa anamsihi nani, ukaliacha gazeti liandike uongo, ukaenda kupokea tuzo umevaa suti.

Nilimwambia mama kwamba nitakuandikia haya yote, na mwaliko tumeukataa. Hayo yote hakuyapinga, ila hilo la kuukataa mwaliko amelipinga katakata. Ameniamuru nikwambie ulete gari ulilosema kwenye mwaliko, atavaa kitenge chake cha Pasaka, na atasimama hapo utakapomweka. Nikamuuliza kwa uchungu, inakuwaje aende. Akanijibu kwamba umemwita, na mama akiitwa na mwanawe huenda.

Nisalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Flaviana